Kifaru Aliaye Kama Paka

Kwa miaka thelathini na saba nimeitwa Mama Paka, na anayetaka kujua sababu akamwulize Nolari, maana ndiye aliyenibandika jina hilo.

Nilikuwa na miaka tisa, nachunga mbuzi wa baba kwenye laga, ule mto wa mchanga usio na maji, chini ya mlima. Akatokea kifaru na mtoto wake nyuma yake. Mbuzi wakatawanyika kila upande, nami nikajibanza kwenye kichaka cha mswaki nikakojoa papo hapo nilipojibanza, sioni haya kusema. Yule mama alipita akikoroma. Mtoto alibaki nyuma, akampoteza mama yake kidogo, akalia. Nikamsikia kwa masikio yangu haya mawili. Alilia kama paka mdogo aliyefungiwa nje. Kiumbe kikubwa kuliko ndama, sauti nyembamba ya kubembeleza.

Nilirudi nyumbani mbuzi watatu wakiwa hawapo. Baba akauliza wako wapi, nikamwambia ukweli wote, mpaka huo wa paka. Wazee waliokuwa naye wakacheka wakashika mbavu. Vifaru walikuwa wameisha, majangili walishawamaliza na kila mtu alijua. Na hata wale waliowahi kuwaona enzi zao walijua kwamba kifaru hukoroma, hupuliza pua. Wa kulia kama paka hawakuwahi kumsikia. Baba alinichapa kwa kosa la kulala machungani, halafu akanichapa tena kwa uongo.

Fimbo zilipona baada ya siku tatu. Lakini Nolari, rika langu, alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, na tangu siku hiyo hapajapita harusi asijitokeze katikati ya ngoma, akaweka vidole viwili kichwani kama pembe na kulia "nyaau". Niliolewa nikiwa Mama Paka, nikazaa nikiwa Mama Paka, nikamwoza binti yangu Nasieku nikiwa Mama Paka. Nilicheka pamoja nao, ningefanyaje? Lakini iliniuma kila mara, na hadi leo sijazoea.

Kisha vifaru wakarudishwa. Hifadhi ya jamii iliwaleta kwa malori kutoka kusini, na sasa wageni huja kwa ndege, wanatembea kwa miguu nyuma ya vijana wetu, wanawaona, wanarudi kwao wamefurahi. Mara moja kwa mwaka huwa zamu yetu wenyeji, bure. Mwaka huu manyata yetu ilipewa nafasi nne. Jina la kwanza kuandikwa lilikuwa langu. Sikutaka picha wala hewa safi. Nilitaka kumsikia mtoto wa kifaru akilia, mbele ya mtu atakayesema ndiyo, ni kweli. Jina la pili lilikuwa la Nolari, kwa sababu hawezi kuvumilia mimi niende mahali naye akose cha kusimulia. Wale wengine wawili waliugua ghafla asubuhi ileile, wote tumbo.

Tukafika langoni jua likichomoza. Nikamwona mwelekezi ameegemea nguzo, amevaa sare ya kijani, anajaza jivu kwenye soksi. Nikageuka upesi, nikavuta shuka nikajifunika uso. Alikuwa Saidimu, mume wa binti yangu.

Kwetu mtu hakaribiani na mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hamgusi, hali chakula mbele yake. Sisi wawili tunaitana Paker, yaani wa kondoo, kwa ajili ya yule kondoo niliyepewa naye siku ya harusi, na hilo jina tunarushiana kwa mbali, kila mtu akitazama upande wake. Miaka sita yote tumeishi hivyo kwa heshima. Na mwelekezi aliyepangwa siku ile hakuwa yeye.

"Nolari," nikasema nikiwa nimeligeuzia lango mgongo, "mwambie Paker sikujua kama ni yeye."

"Anasema hakujua kama ni wewe!" Nolari akapaza sauti kama anaita punda.

"Nimesikia, yeyo," Saidimu akajibu, akimwita mama kwa heshima. "Mwambie hata mimi sikujua. Mwenzangu ameamka na homa. Mwambie akitaka arudi nyumbani hakuna ubaya, mwakani nitamwandikisha tena mimi mwenyewe."

"Anasema urudi nyumbani."

"Sijasema hivyo, yeyo!"

"Mwambie naenda," nikasema. "Miaka yote hii nimengoja, sirudi kwa sababu ya homa ya mtu."

Nolari akacheka. "Mama Paka, utamwonaje kifaru umejifunika hivyo? Si ungebaki kitandani ukajifunika blanketi, ingekuwa yaleyale."

Tukapangwa kwa mstari. Mbele Saidimu, kisha Nolari, kisha mimi, na nyuma kabisa Letiwa, askari wa hifadhi, na bunduki yake. Nolari ni mpana, Mungu ambariki, kwa hiyo alitosha kuwa ukuta kati yangu na mkwe wangu. Nami niliahidi kutembea macho chini, nisije nikamwona kisogo.

Saidimu akatoa maagizo akitazama mlima. "Tukishaingia hakuna kusema. Nikiinua ngumi, simameni. Nikishusha kiganja, chuchumaeni. Kifaru macho yake ni mabovu, lakini anasikia na ananusa. Na leo namtafuta jike mmoja anaitwa Nadupoi. Ile redio ndogo tuliyomtia kwenye pembe imekufa, miezi miwili sasa hatujui alipo. Yeyo Nolari, kuna mtu hapa hataweza kuziona ishara zangu. Utamfikishia wewe, kwa mkono, nyuma ya mgongo wako."

Nolari akanyanyua kidevu. Ungedhani amepewa uchifu.

Tukaingia. Saidimu alitikisa ile soksi kupima upepo kila baada ya hatua chache, jivu likapeperuka kutuelekea, akaridhika. Nolari alinipa ishara kwa ukarimu mkubwa, ngumi nyuma ya kiuno, kiganja nyuma ya kiuno, na nyingine za kwake mwenyewe ambazo hazikuwa na maana yoyote. Mara ya tatu aliponichuchumaza bure nikamfinya.

"Alinyoosha kiganja," akanong'ona.

"Alikuwa anafukuza nzi," Letiwa akanong'ona kutoka nyuma.

Tukapita kwenye kilima cha kinyesi, kimepigwa teke na kusambazwa, na ndani yake vijiti vimekatwa mshazari kama kwa kisu. Saidimu akakigusa kwa nyuma ya mkono kama mtu anayepima uji wa mtoto. Nikasikia akimwambia Nolari, "Bado kina joto. Ni cha asubuhi hii." Nolari akakigusa na yeye, kisha akatafuta mahali pa kufutia mkono, na nashukuru hakufutia shuka yangu.

Tuliingia kwenye laga. Mchanga ulikuwa umeota miswaki pande zote na katikati mgunga mkubwa ulioinamishwa na mafuriko, mizizi yake nusu nje. Mbele, upande wa kulia, nikasikia vijiti vikivunjika. Saidimu, naambiwa, aliinua ngumi. Mimi sikumwona, na Nolari alipomwona kifaru kwa mara ya kwanza maishani mwake alisahau kwamba ana mikono.

Basi mimi macho yangu yalikuwa chini kama nilivyoahidi. Ndipo nikauona unyayo. Vidole vitatu, duara, ukubwa wa kisahani cha chai. Mwingine mbele yake, na mwingine. Zile kubwa zilikwenda kulia, huu mdogo ulikatiza kushoto kuingia miswakini. Mkwe wangu aliyesomea nyayo miaka mitatu aliupita akitazama mbele. Mimi niliuona kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kutazama kwingine.

Nikaufuata. Ni kosa, nakiri, lakini miguu haikuniuliza. Letiwa aliniona natoka kwenye mstari. Akadhani mama wa watu anakwenda haja, akageuza uso pembeni kwa adabu. Nikaenda hatua kumi, kumi na tano, nikapita ule mgunga ulioinama, nikasimama.

Alikuwa amesimama chini ya kichaka, kijivu, masikio makubwa kuliko akili yake, kwenye pua kivimbe tu mahali pa pembe. Akanitazama. Akafungua mdomo akalia.

Sauti ilikuwa ileile. Sikuwa nimeongeza chumvi hata kidogo, hata ule mkato mdogo wa mwishoni niliokuja kuutilia shaka mwenyewe baada ya miaka mingi ya kuchekwa ulikuwepo. Nikageuka kumtafuta mtu wa kumwambia, yeyote. Wale ndege wanaoitwa askari wa kifaru wakaruka wakipiga kelele, na upande wa pili wa laga vichaka vikafunguka, Nadupoi akaja.

Kifaru akija mbio ardhi unaisikia kwenye meno. Nikasikia mtu mwingine akikimbia pia, kutoka upande mwingine, na sauti ambayo haikuwahi kunisemesha kwa karibu ikapiga kelele sikioni mwangu.

"Paker! Juu!"

Saidimu alikuwa amefika kwenye mgunga, amepiga goti moja, anajipiga begani kwa kiganja.

"Panda!"

"Wapi?"

"Hapa!"

"Siwezi, we ni mkwe wangu!"

"Panda, Paker, tutaona haya baadaye!"

Nikapanda. Nikaweka akala yangu ya tairi begani kwa mume wa binti yangu, akasimama, nikashika tawi. Tawi likalalamika. Sikuthubutu kulitegemea, kwa hiyo nikabaki hivyo, mikono juu kwenye mti, miguu yote miwili juu ya mabega yake, shuka imenichomoka kichwani na kumfunika yeye. Alijibana kwenye shina akanyamaza kama gogo.

Nadupoi alisimama hatua kama kumi hivi kutoka kwetu. Alipuliza pua, vumbi likaruka. Alikuwa mkubwa, mweusi kwa matope, pembe ya mbele ndefu kama mkono wangu. Akageuza masikio huku na huku. Tulisikia pumzi zake, naye nadhani alisikia moyo wangu. Hapo yule mdogo akalia tena, mara mbili, kwa kulalamika, na lile jimama lote likageuka polepole kuelekea sauti. Mtoto akaja mbio, akampiga kichwa tumboni, akaanza kunyonya. Baadaye wakaondoka, mama mbele, mtoto nyuma, wakapotea miswakini.

Hatukusogea kwa muda. Nikauambia mti, "Paker, umesikia?"

Kutoka ndani ya shuka yangu sauti ikasema, "Nimesikia."

"Analiaje?"

Akafikiri. Ni kijana mwenye kusema kitu baada ya kukipima. "Kama paka," akasema. "Paka mdogo."

Nikalia. Nililia nikiwa nimesimama juu ya mkwe wangu, machozi yanamdondokea kichwani, na wala sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kazini.

Nolari tulimkuta juu ya mgunga mwingine, mfupi wenye miiba, Letiwa ameshika miguu yake kutoka chini asianguke. Haijulikani alipandaje, na kumshusha kulichukua muda mrefu kuliko kifaru mwenyewe. Saidimu alikaa mbali akaangalia mlima. Mimi nilikuwa nimeshajifunika tena.

"Nimemwona!" Nolari akasema akichomoa miiba. "Ni mkubwa, wazee hawakudanganya. Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilijificha. Nolari, mtoto yupo. Amelia."

"Amelia?" Akaacha miiba. Nikaona furaha inamjaa usoni. "Kama paka?"

"Kama paka."

"Mimi nimesikia mtu mmoja tu akilia, na alikuwa mimi. Mama Paka! Hata leo? Haya, tuseme ukweli, shahidi wako nani safari hii? Mbuzi?"

Ningeweza kumjibu. Shahidi alikuwa amekaa hatua thelathini kutoka pale. Lakini ningesema amesikia, Nolari angeuliza alikuwa wapi, na ningesema alikuwa wapi, angeuliza mimi nilikuwa wapi. Kufika jioni rika lake zima lingekuwa limeshamtungia wimbo, kijana aliyekanyagwa na mama mkwe. Utani wa namna ile najua ladha yake. Hauishi. Angezeeka nao na watoto wa Nasieku wangeusikia kwenye harusi zao wenyewe.

"Sina shahidi," nikasema.

"Nyaau," akasema Nolari kwa upendo, akanishika mkono, tukaanza kurudi.

Ukikaribia lango kuna kilima ambapo redio za upepo hushika vizuri. Saidimu alipanda jiwe, akatugeuzia mgongo, akabonyeza kitufe. Ni lazima nieleze kwamba redio hizo ziko kila mahali siku hizi. Kila kituo cha askari kina moja, wachungaji wa visimani wana yao, na ya manyata yetu inakaa kwangu. Mtu akikohoa kwenye redio kaunti nzima inamwambia pole.

"Mguu Mbili kwa Kituo," akasema, hilo ndilo jina lake la redioni.

"Kituo nakusoma."

"Nadupoi ameonekana laga ya chini. Ni mzima. Ana mtoto, hajazidi miezi miwili."

Kelele za shangwe zikasikika kutoka vituo vitatu kwa pamoja. Kituo akawanyamazisha. "Hongera Mguu Mbili! Nani alimwona mtoto kwanza?"

"Paker wangu. Mimi nilipita unyayo bila kuuona, yeye akauona." Nikamwona, nisamehewe, kwa pembeni ya shuka nilimwona, akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia maji ya baridi. "Ongeza kwenye ripoti. Sauti ya mtoto. Mtoto wa kifaru analia kama paka mdogo. Nimesikia mwenyewe mara mbili. Nilikuwa chini ya mti na Paker wangu alikuwa amesimama mabegani kwangu. Tulisikia wote wawili."

"Mguu Mbili," Kituo akasema hatimaye, na ilisikika wazi kwamba ameuma midomo, "rudia hapo kwenye mabega."

Akarudia. Alirudia polepole, neno kwa neno, kama mwalimu wa darasa la kwanza, analia kama paka, mabegani kwangu, wote wawili. Kisha akazima, akashuka jiwe, akatangulia mbele masikio yakiwa yamemwiva.

Nolari alikuwa amesimama mdomo wazi. Nadhani hakujua ashangazwe na lipi kwanza.

"Mabegani?" akasema.

"Mabegani."

"Na akala?"

"Na akala."

Akakaa chini kwenye mchanga. Akanitazama kwa muda, akatazama alikopita Saidimu, akanitazama tena. "Basi ilikuwa kweli," akasema, sauti imepungua. "Siku ile ya mbuzi. Ilikuwa kweli yote."

Nikamfikiria baba. Amekufa miaka kumi na moja sasa, na alikufa akiamini kwamba nililala machungani. Nilitamani hata yeye angekuwa na redio.

Kesho yake asubuhi nikasikia kondoo analia nje ya ua. Saidimu alikuwa amemfunga kwenye mti wa mbali, amesimama mbali zaidi, ametazama mlima kama desturi.

"Paker! Kondoo huyu ni wa jana. Wazee wamesema ni faini ya bega."

"Ni mmoja tu?" nikamjibu kutoka nyuma ya ua. "Nilikukanyaga kwa miguu miwili."

Nikasikia akicheka. Miaka sita na sikuwahi kumsikia akicheka, ana kicheko kizuri. Wimbo walimtungia kweli, siku hiyohiyo, na anauimba mwenyewe kwa sauti kuliko wote. Vijana wa siku hizi wana njia zao.

Kwa kawaida ya hifadhi, mtoto wa kifaru hupewa jina la aliyemwona kwanza. Lakini anayetoa ripoti za laga ya chini ni Saidimu, na jina langu halitamki hata umwekee mkuki. Ikabidi mtoto aitwe Paker. Kila jioni redio yangu inaniambia Paker amenyonya, Paker amejigaagaza kwenye matope, Paker amemfukuza kanga. Nolari huja na chai yake kusikiliza. Ripoti ikiisha huniuliza, "Hawakusema kama amelia?" Nami humwambia wangoje, watasema.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi kwa ndugu zangu. Ngoma ilipokolea Nolari akaingia katikati kama alivyoingia miaka yote, akaweka vidole kichwani, akalia. Watu wakanitazama. Nami nikatoka mahali nilipokaa, nikamshika bega mbele ya wote.

"Unakosea," nikamwambia. "Sauti ni nyembamba zaidi, na mwishoni inakatika. Sikiliza."

Nikalia kama mtoto wa kifaru, na ngoma nzima ikanyamaza kusikiliza.

"Rudia," akasema Nolari. "Nifundishe."